Fomu Kumi na Moja za Mayai

Kila siku ya shule Mama hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa sababu mashuka ya hospitali hayamngoji mtu. Kazi yake ni kuyafua. Mimi ndiye ninayewasha jiko, ninachemsha chai, na kumwamsha mdogo wangu wa darasa la pili kwa kumvuta kidole gumba cha mguu. Kisha tunatoka na vipande vyetu vya mkate mkononi. Soko liko mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na Mama huenda huko mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote tunategemea duka la pale langoni mwa shule. Lina biskuti za aina tisa, soda za kila rangi na pakiti za viazi vya kukaanga, lakini halina hata jani moja la mboga. Mwenye duka tunamwita Mjomba, ingawa hana undugu na mtu.

Nilikuwa mnene. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Halikunisumbua sana, kwa kuwa nilikuwa pia na mwandiko mzuri kuliko wote katika darasa la sita, na mtu hapewi vyote. Matatizo yalianza siku watafiti walipoleta mizani.

Walitoka chuo kikuu. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja mrefu mwenye miwani, nasi hatukukawia kumpachika jina la Dada Mizani. Alitueleza kwamba wanataka kujua watoto wa mji wetu wanakula nini, na familia zao zinakwenda umbali gani kukipata. Tukavua viatu na sweta, tukapanga foleni. Dada Mizani alisoma namba kwa sauti, mwenzake akairudia kwa sauti, ndipo ikaandikwa. Alisema hufanya hivyo ili wasikosee.

Nilipopanda, alisoma, "Sitini na mbili nukta nne."

Mwenzake akarudia, "Sitini na mbili nukta nne."

Na msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akairudia mara ya tatu, kwa sauti ya mtu wa mnadani. "Sitini na mbili, jamani. Mizani imepona?"

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyesema hivyo ni Sindano. Aliitwa Sindano kwa sababu ya wembamba wake, na ulimi wake ulihakikisha jina halimpotei. Nilishuka nikiwa nimeshika viatu vyangu, masikio yananiwaka.

Tangu siku ile jina langu likafa. Ilikuwa "Sitini na Mbili, nipe kifutio," na "Sitini na Mbili, kaa katikati, dawati lisije likapinduka." Watoto wa darasa la kwanza, ambao hata kuhesabu hadi hamsini kunawatoa jasho, waliijua namba yangu. Siku moja mwalimu wetu wa darasa alikuwa akiita mahudhurio, ulimi ukamteleza. Alisema "Sitini na," akajishika, akakohoa, akaita jina langu la kweli. Kikohozi kilikuwa kimechelewa. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi darasani nikiwa nimeshaapa. Sindano angelipa.

Sikuwa na haraka. Adui hupelelezwa kwanza, nami nilimpeleleza Sindano wiki nzima. Mchana wenzetu walipokimbilia dukani, yeye alikwenda kwenye bomba nyuma ya madarasa na kunywa maji mengi, akipumzika katikati kama anayemaliza kazi. Kisha alirudi uwanjani akichokonoa meno kwa kijiti, eti ameshiba nyama. Jioni alinunua pakiti moja ya biskuti kwa Mjomba, akala nusu njiani, nusu akaifunga na kumpelekea bibi yake mgonjwa aliyeishi naye. Sindano, mwenye kucheka watu wote, alikuwa hali mchana. Hakuna aliyejua.

Nataka niwe mkweli hapa. Sikumhurumia. Nilifurahi. Nilijihisi nimeokota ufunguo wa kabati la adui yangu, na kilichobaki ni kutafuta siku ya kulifungua watu wakiwa wengi.

Siku hiyo ililetwa na Dada Mizani mwenyewe. Alirudi na kueleza hatua ya pili. Manispaa ilitaka kujenga majiko ya chakula cha mchana katika shule chache, zile ambazo watoto wake wana shida zaidi ya chakula. Hawakuweza kumhoji kila mtoto, kwa hiyo walipiga kura. Majina yote ya darasa la sita yaliwekwa kwenye ndoo, yakatolewa kumi na moja.

"Majibu ya hawa kumi na mmoja yatasimama badala ya shule nzima," alisema. "Kwa hiyo wasikilizwe vizuri."

Jina la Sindano lilitoka la tatu. Na mwalimu, alipoulizwa ni nani ana mwandiko wa kusomeka na hatatishwa na fomu, akanionyesha mimi.

Dada Mizani alinifundisha kazi baada ya masomo. Niingize mtu mmoja mmoja kwenye ghala la vifaa. Nifunge mlango. Nimuulize jana alikula nini tangu alipoamka hadi alipolala, nisicheke, nisisifu, nisikunje uso, niandike anachosema. Kila mara niulize, "Kuna kingine?" Aliutaja mlango mara mbili. Nilimwitikia mara mbili.

Siku ya kazi, yeye na mwenzake walikwenda kupima umbali wa maduka kwa gurudumu lao la kupimia barabara, na muuguzi alikaa ofisini akingoja kuwatoboa vidole wale kumi na mmoja wakitoka kwangu, ili kupima damu yao. Ghala likabaki langu. Niliufungua mlango wote, nikauzuia kwa ndoo. Nikawaambia wale kumi waje wakae kwenye benchi nje, hatua mbili tu kutoka mezani pangu, ili kazi iende haraka. Kisha nikamwita Sindano awe wa kwanza.

Alikaa. Nikauliza kwa sauti ile ya kusomea mbele ya wageni. "Jana ulipoamka, ulikula nini?"

Aliangalia mlango. Aliangalia benchi, nyuso kumi zilizonyamaza kusikiliza. Halafu akaniangalia mimi, na nadhani ndipo alipoelewa.

"Mayai," alisema.

"Mangapi?"

"Mawili. Na maziwa, glasi kubwa."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Na mchana?"

"Wali na nyama."

"Jana mchana ulikuwa hapa shuleni."

"Nilibeba."

"Ulibeba kwenye nini?"

"Kwani fomu inauliza vyombo?" Benchi likacheka, na safari hii pia lilinicheka mimi. "Andika basi, si una mwandiko mzuri? Na machungwa mawili."

Bado ningeweza kusimama nikaufunga mlango. Badala yake nilijiambia moyoni, kama unataka kudanganya, danganya, tuone mayai hayo ya mdomoni yatakufikisha wapi. Nikaandika kila kitu kwa herufi za kupendeza. Nilimuuliza hata kama kuna kingine.

Sasa, nani angekuja baada ya mayai mawili aseme alikula biskuti? Wa pili alikula matatu. Wa tatu, kijana mmoja tunayemwita Goli kwa sababu hajawahi kufunga hata moja, alikula manne na kuku juu yake. Wa mwisho alikunywa maziwa mara tatu na kulalamika kwamba ya jioni yalikuwa ya moto mno. Safu nzima ilikula mayai ishirini na tisa kwa siku moja, na kuku wa mtaa wetu hawakuwa na habari. Nilikusanya fomu zangu nikiwa na hasira, kwa kuwa Sindano alikuwa ameponyoka. Hilo tu ndilo lililoniuma. Jiko la shule halikunijia akilini hata kidogo.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini. Dada Mizani alikuwa ameketi na fomu zangu upande mmoja, karatasi za muuguzi upande wa pili. Mwalimu wetu alikuwa kwenye meza yake akisahihisha madaftari.

"Shikamoo, Dada. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, Dada."

"Ni mzuri sana. Unasema watoto hawa wanakula vizuri kuliko mimi." Aligusa karatasi za muuguzi. "Lakini damu yao inasema hawali. Sita kati yao wana upungufu wa damu. Mmoja imebidi apelekwe zahanati wiki hii hii, maana muuguzi alishangaa anatembeaje."

Hakumtaja. Nilimjua.

"Uliandika walichokuambia?"

"Kila neno," nilisema. "Sikuongeza hata nukta." Nilisema kwa kiburi, na ilikuwa kweli.

"Nakuamini. Mlango ulikuwa umefungwa?"

Kalamu ya mwalimu ikasimama. Nilitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli bila kuniumbua, sikulipata.

"Ulikuwa wazi. Niliuzuia kwa ndoo."

"Kwa nini?"

Hapo yote niliyokuwa nimeyashika wiki zile yakanitoka. "Kwa sababu wewe, Dada, ulisoma kilo zangu mbele ya darasa zima, na yeye akazitangaza, na sasa sina jina. Nilijua hali mchana. Nilitaka wamsikie na yeye akisema."

"Wewe mtoto, adabu yako iko wapi?" alisema mwalimu.

"Mwache, Mwalimu," alisema Dada Mizani. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Miaka mitano ninapima watoto. Kila mara nimehofia kukosea namba. Sijawahi kumfikiria aliyesimama juu ya mizani. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa kwanza. Samahani, mwanangu."

Nilizoea kuombwa msamaha na mdogo wangu akiwa amevunja kitu. Mtu mzima hakuwahi. Hasira yangu ilibaki imesimama bila kazi, nikaangalia sakafu.

Akanionyesha ramani waliyoichora kwa gurudumu lao. Kulikuwa na shule, kulikuwa na duka la Mjomba langoni mwake, na soko lilikuwa huko pembeni kabisa, karibu kutoka nje ya karatasi.

"Wewe unakula biskuti na soda kutwa kwa kuwa ndizo zilizopo karibu," alisema. "Mwenzako anakula nusu pakiti kwa siku kwa kuwa ndiyo anayoiweza. Mwili mmoja unanenepa, mwingine unakonda, na yote miwili haipati kinachotakiwa. Mnakula duka moja ninyi wawili. Na mnatukanana kwa ajili yake."

"Sasa si uzitupe hizo fomu tu, Dada?"

"Nikizitupa, sina kitu cha kuipelekea manispaa Ijumaa. Nikizipeleka hivi, jiko litakwenda shule nyingine. Na siwezi kuandika ninachokisia. Lazima waulizwe upya, na wakubali wenyewe kusema."

Nilimkumbuka mdogo wangu. Yeye mchana hununua pakiti ya viazi, akimaliza huichana na kuilamba chumvi iliyobaki ndani. Nilikuwa nimemwandikia mayai ishirini na tisa.

Nilimkuta Sindano kwenye bomba. Alikuwa amerudi kutoka zahanati siku hiyo, na alikuwa ameegemea ukuta akingoja kizunguzungu kimtoke. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea.

"Mlango niliuacha wazi kwa makusudi," nilisema.

"Najua. Unadhani mimi mjinga?"

"Nilitaka uchekwe."

"Na hilo najua." Alilifunga bomba. "Wewe unadhani nilitangaza kilo zako kwa nini?"

"Kwa sababu una roho mbaya."

"Hiyo ipo. Lakini pia nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Wanasoma kwa sauti, na mimi ndiye nafuata. Yangu ilikuwa ishirini na sita. Nikasema, wakiwa bado wanakucheka wewe, hawatasikia yangu. Na kweli hakuna aliyesikia."

Wiki zile zote nilikuwa nimejipikia chuki hiyo, na sasa nilikuta aliyeianzisha ni mtu aliyekuwa anaogopa. Haikunifanya nimpende. Lakini ilinivuruga hesabu zangu zote.

Nilimweleza habari za jiko na za Ijumaa. Alisikiliza akipinda mdomo.

"Kwa hiyo unataka nikaseme kweli, mbele ya yule yule aliyenitega."

"Siandiki mimi. Ataandika Dada Mizani."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Popote utakaposema."

Alifikiria, na nikaona kwa mara ya kwanza tabasamu lake likija polepole. "Utasimama nje ya ghala. Juani. Mlango ukiwa umefungwa. Mtu yeyote akisogea kusikiliza, umfukuze. Nikimsikia hata anayepumua karibu, mayai yangu yanarudi."

"Na wale wengine kumi?"

"Hao niachie. Mimi nikisema nilidanganya, nani atabaki na kuku wake?"

Alhamisi nilisimama juani tangu kengele ya kwanza hadi saa saba mchana. Wapita njia walinitania kwamba Sitini na Mbili amepata kazi ya uaskari. Niliwaacha waseme. Goli alijaribu kujipenyeza akisingizia kuchukua ufagio, nikamkimbiza hadi kwenye nguzo ya bendera, na yule jamaa ana mbio. Mjomba mwenyewe alikuja kuona kuna nini, nikamrudisha dukani kwake kwa adabu. Hasira yote niliyokuwa nimebaki nayo niliitumia kwenye mlango ule, na lazima niseme ilinitumikia vizuri. Hakuna sikio lililofika.

Sindano alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alinipita bila kunitazama, akasema tu, "Wa pili aingie."

Jiko lilikuja muhula uliofuata. Lilikuwa banda la mabati lenye sufuria tatu kubwa, na gari la mboga lililopita kila Jumatatu na Alhamisi. Baada ya watoto kulishwa, mpishi aliwauzia wazazi mboga zilizobaki pale pale langoni, mkabala na Mjomba, ambaye baada ya wiki mbili za kununa alianza kuagiza nyanya na vitunguu na yeye. Dada Mizani alikuja kutupima tena. Safari hii kulikuwa na pazia, na namba ilionyeshwa kwa kidole kwenye karatasi, bila neno. Yangu ilikuwa imeshuka kidogo. Ya Sindano sikuiuliza.

Siku ya kufungua jiko wazazi waliombwa kusaidia, na Mama akabadilishana zamu ili aje kuchambua mchicha. Sindano alikuwa karibu naye akiosha maharage. Nilipowafikia nikakuta ameshamaliza kumsimulia Mama kila kitu, mlango, ndoo, mayai ishirini na tisa, hakuruka hata moja.

"Sasa tuko sawa," aliniambia kwa furaha, akabeba beseni lake akaenda.

Mama hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, mdogo wangu akitutangulia na chungwa mkononi, la pili kwa siku ile.

"Kwa hiyo kweli ulifanya hivyo?"

"Alianza yeye, Mama."

"Sijauliza nani alianza. Watu husema, ukimwaga mboga, namwaga ugali. Wanacheka wakisema hivyo, kwa sababu hawajakaa na watoto wanaongoja kula. Huyo alimwaga mboga. Wewe ukamwaga ugali. Na huyu hapa," alimwonyesha mdogo wangu kwa kidevu, "alikuwa ameshanawa mikono."

Tulitembea mpaka kona ya nyumba yetu.

"Umemsamehe?" aliuliza.

Nilifikiria kumpa jibu zuri. "Bado kidogo."

"Sikulazimishi. Moyo hauna ratiba. Mkasirikie mpaka uchoke, ni haki yako, alikuumiza. Lakini hasira yako ikae kwako. Isitoke ikaingiza mkono kwenye sahani ya mtu, awe adui yako, awe nani. Ukimnyima mtu chakula, humjui wa mwisho atakayelala njaa."

Kisha akaniambia niwashe jiko, kwa sababu tulikuwa na mchicha na alikuwa na njaa.